Dizaina, fundi au wewe mwenyewe? Tulinganishe kabla hujatoa hela

Mtu akitaka kupanga nyumba swali lake la kwanza huwa dizaina anachaji bei gani, na naelewa kwa nini, hela ndo inauma. Ila mi hilo naliweka la pili. La kwanza ni hili: humo ndani kuna kitu gani ambacho ukikikosea leo hukirekebishi tena mpaka uvunje? Soketi na swichi, mabomba, mlango unafungukia upande gani, dari, kabati za jikoni za kujengea, taili za bafuni, hivyo ukikosea ni nyundo na vumbi. Pazia, zulia, mito, meza, hata rangi ya ukuta, hivyo unabadilisha wikiendi moja na maisha yanaendelea. Kwa hiyo nikilinganisha njia hapa chini siangalii tu ipi nafuu, naangalia ipi inakulinda kwenye vile vya nyundo, maana huko ndo hela za watu zinapotelea.

Nikupe mfano wa kwangu. Tulipokarabati chumba cha kulala tulimwachia fundi umeme aweke soketi anapoona panafaa. Akaweka mbili ukutani, zimenyooka, kazi safi kabisa. Kitanda kilipoingia, ubao wa kichwani ukaziziba zote mbili, kwa hiyo mpaka leo kuna waya wa ekstensheni unapita chini ya kitanda unatokea upande wa pili, na kila nikifagia nakutana nao. Yule fundi hakukosea chochote, alifanya kazi aliyopewa, shida ni kwamba hakuna aliyemwambia kitanda kitakaa wapi na kina upana gani. Chumba kingechorwa kwenye karatasi moja na kitanda cha sentimita 180 ndani yake, mtu yeyote angeliona hilo kabla ukuta haujachimbwa. Hiyo karatasi ndo kazi ya dizaina. Uzuri unakuja baadaye.

Kabla ya kulinganisha, tuweke majina sawa kidogo kwa sababu watu wanayachanganya halafu wanamlaumu mtu kwa kazi isiyo yake. Mpambaji anashughulika na vinavyoonekana na kuhamishika: rangi, vitambaa, fanicha, picha. Dizaina wa ndani anaingia kwenye mpangilio wenyewe, taa, soketi, kabati, bafu, anachora na kuandika vipimo. Msanifu majengo anashika jengo zima. Na ukitaka kutoa ukuta ili sebule iungane na jiko, hapo hata dizaina mwenye kipaji cha namna gani hatoshi, aje injinia aseme ule ukuta umebeba nini juu yake. Dizaina akikwambia "huo toa tu, hauna kazi" bila injinia kuuangalia, huyo muage.

Njia ya kwanza: wewe na mafundi wako

Hii ndo ya wengi na sio mbaya. Ka unapanga upya sebule, chumba cha watoto, ofisi ndogo ya nyumbani, vitu vyote vya kuhamishika, sioni sababu ya kulipa mtu kwanza. Unachohitaji ni tepu ya kupimia, muda, na namba chache kichwani.

Njia ya kupita watu mara kwa mara ipe kama sentimita 90, pembeni kwenye kona ya mtu mmoja mmoja hata 60 inavumilika. Kati ya sofa na meza ndogo ya mbele acha 40 mpaka 45, ikizidi hapo unainuka kila ukitaka kikombe, ikipungua unagonga magoti. Nyuma ya viti vya meza ya kulia acha angalau 75, na ka watu wanapita nyuma ya aliyekaa fanya 90. Pazia, kitambaa chake kiwe mara mbili ya upana wa dirisha au zaidi kidogo, la sivyo likifungwa linakaa ka shuka lililotundikwa. TV watu wanaipandisha juu sana, kaa kwenye sofa, pima macho yako yako wapi, katikati ya TV iwe karibu na hapo, kwa wengi ni kama mita moja hivi toka sakafuni.

Halafu kuna kitu nakipenda sana na hakina gharama yoyote: bandika selotepu ya karatasi sakafuni kwa vipimo halisi vya sofa unayotaka kununua, ishi nayo siku tatu. Utaikanyaga, utaizunguka, siku ya pili tu unajua ka ni kubwa mno. Na pima mlango, korido na kona ya ngazi kabla ya kulipia, sio chumba peke yake, maana sofa inaweza kuenea vizuri sebuleni na isifike sebuleni.

Rangi nayo usiichague kwenye kile kikaratasi kidogo cha dukani. Paka kwenye kipande kikubwa cha boksi, rudia mara mbili, kihamishe ukuta huu na huu, kiangalie asubuhi na kiangalie usiku taa zikiwaka. Taa zinageuza rangi kuliko watu wanavyodhani, balbu ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga, K kwenye boksi) 2700 mpaka 3000 inatoa mwanga wa joto wa kupumzikia, 4000 unakaa katikati, unafaa jikoni na pa kusomea, 6500 ni mweupe wa kubluu unaofanya sebule iwe ka chumba cha hospitali. Cheki pia CRI kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi, mwisho wake 100, ikiwa 90 kwenda juu basi rangi za vitu zinaonekana zilivyo.

Udhaifu wa njia hii unauona siku mafundi wanapokuwa zaidi ya mmoja. Fundi bomba anasema anamsubiri wa taili, wa taili anasema hawezi kuanza bomba halijatulia, seremala kaja kupima kabati wakati ukuta haujapigwa plasta. Hapo lazima awepo mtu mmoja anayesema nani anaanza na nani anafuata, na ka hujaajiri mtu basi huyo ni wewe, kila siku, ukiwa kazini kwako simu inaita. Watu hawaihesabu hiyo kazi kwenye bajeti na ni kazi kweli.

Njia ya pili: kununua masaa ya dizaina, au michoro tu

Hii ndo mi naipigia debe kwa watu wengi wa bajeti ya kawaida, na nashangaa inavyosahaulika, watu wanadhani ni ama umchukue dizaina mzima mzima ama umuache. Wengi wanakubali kuja nyumbani masaa mawili matatu kwa malipo ya kushauri tu, au kukuchorea ramani ya mpangilio na ramani ya umeme halafu wewe unaenda kusimamia mwenyewe na mafundi wako.

Faida yake ni kwamba unalipia ubongo kwenye vile vitu vya nyundo, na vile vya wikiendi unajifanyia. Ila ujiandae, masaa ni machache. Uwe na vipimo vya vyumba tayari, picha za kila ukuta, orodha ya vitu ulivyonavyo na huachani navyo, na bajeti ya kweli. Kumficha dizaina bajeti hakukusaidii, atakuchorea nyumba ya mtu mwingine. Na kabla hajaondoka hakikisha unabaki na kitu cha kumpa fundi mkononi, sio maneno matamu: mchoro wenye namba, soketi hii iko sentimita ngapi toka kona na ngapi toka sakafuni, taa hii inawashwa na swichi ipi.

Kuna jambo moja la kumuuliza hapo, vipimo vyake vinaanzia wapi, kwenye tofali au kwenye ukuta uliokwisha? Plasta pamoja na taili na gundi yake vinakula sentimita mbili mpaka tatu kila upande. Mchoro uliopimwa kwenye tofali tupu ukasema kabati la mita mbili linaenea kati ya kuta mbili, ukuta ukishavaa unakuta nafasi imebaki mita moja na tisini na kitu, na kabati limeshakatwa liko mlangoni. Kabati la kujengea lipimwe ukuta ukiwa umekwisha, basi.

Ubaya wa njia hii: hayupo saiti. Fundi akikutana na bomba ambalo halikuwa kwenye mchoro anaamua pale pale. Kwa hiyo kubalianeni mapema ka unaweza kununua saa moja moja baadaye, hata ya simu ya video, maana swali la jikoni siku ya tatu halisubiri.

Dizaina wa mtandaoni, ambaye hujawahi kumwona

Unamtumia picha na vipimo, anakurudishia mpangilio, picha za 3D na orodha ya vitu vya kununua. Nafuu kuliko wengine wote na kwa chumba kimoja cha kuhamishika vitu inafanya kazi vizuri. Ila ukikosea kupima kosa ni lako, na kuta zina siri, nyingi haziko mraba, upana wa chumba kule mlangoni na upana kule dirishani unaweza kutofautiana sentimita kadhaa. Pima sehemu tatu, andika iliyo ndogo. Jiko na bafu mi simpi mtu ambaye hajakanyaga mle ndani, hapo sibishani.

Dizaina kamili, toka mchoro hadi funguo

Huyu anachora, anatafuta vitu, anaagiza, anapanga mafundi, anasimamia, anakukabidhi. Ndo ghali, na kuna hali ambazo ghali hiyo inarudi: unavunja na kujenga upya, unagusa jiko na bafu kwa pamoja, unaishi mbali na saiti, au kazi yako haikupi nafasi ya kupokea simu za mafundi. Jiko hasa. Watu wanaliona jiko ka mambo ya rangi ya milango ya kabati, kumbe jiko ni hatua za miguu. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi kule Ujerumani, chumba cha karibu mita 1.9 kwa 3.4 tu, na alichofanya ni kufuatilia mpishi anatembea vipi toka sinki hadi jiko la moto hadi meza, akapunguza hatua. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yakafungwa. Karibu miaka 100 imepita na ukiwa na dizaina mzuri bado anaanza hapo hapo: nani anapika, mrefu kiasi gani, anasimama wapi, anageukia wapi. Kaunta ya kawaida ni sentimita 90 kwenda juu, ila mpishi mrefu akikatia kwenye 90 kila siku mgongo unamuuma, kipimo kizuri ni sentimita 10 mpaka 15 chini ya kiwiko chake.

Sasa usimchukue dizaina kamili halafu ukawa unambadilishia kila jioni kwa sababu umeona picha nyingine kwenye simu. Hapo unalipa mara mbili, yeye na mkanganyiko.

Na kuna huyu wa "bure" wa duka la kabati au fanicha. Anakuchorea bila malipo ukinunua kwao. Mchoro unaweza kuwa mzuri kabisa, wengi wanajua kazi, ila kila jibu lake litaishia kwenye bidhaa ya pale pale. Ukimuuliza ka unahitaji kabati la juu upande ule, atasema ndiyo. Mtumie ka tayari umeshaamua kununua kwao, usimtumie kuamua.

Hela: namna ya malipo inabadilisha tabia ya kazi

Hapa ndo pa kukaa chini, maana dizaina wawili wanaweza kukutajia jumla inayokaribiana na moja ikakutoa machozi.

Malipo ya jumla, bei moja mmekubaliana mwanzo mwisho. Unalala vizuri kwa sababu unajua unadaiwa nini, ila kila kitu kinasimama kwenye kazi ilivyoandikwa. Isipoandikwa mabadiliko mangapi yamo ndani ya bei, ya tatu utaambiwa ni nyongeza, na atakuwa na haki. Iandikwe.

Kwa saa ni haki kwa kazi ndogo, na ni hatari kwa mtu asiyeamua haraka, nusu saa ya kubishana ka mto uwe wa kijani au wa udongo unalipiwa sawa na nusu saa ya kupanga mabomba. Omba kikomo, mkishafika masaa kadhaa akupigie kwanza kabla hajaendelea.

Asilimia ya gharama za mradi. Kwa kazi kubwa ni ya kawaida na ina mantiki, kazi ikikua na usimamizi unakua. Ila kaa ukijua kwamba unavyotumia zaidi ndivyo anavyopata zaidi, kwa hiyo mtu wa kukulinda na taili ghali ni mwaminifu tu, malipo yenyewe hayamsukumi huko. Muulize asilimia ni ya nini hasa, vifaa na ufundi vyote au vifaa peke yake, na vile ulivyonunua mwenyewe vinahesabiwa? Kwa mita ya mraba inafanana na bei ya jumla, rahisi kulinganisha kati ya watu wawili, ila mita moja ya bafu ina kazi mara nyingi kuliko mita moja ya chumba cha kulala, kwa hiyo nyumba yenye vyumba vikubwa vitupu inalipia zaidi ya inachopata.

Halafu ile ya kuongeza juu ya vitu. Dizaina wengi wanapata diskaunti madukani, wengine wanakupa yote, wengine mnagawana, wengine wanabaki nayo na kukuuzia kwa bei ya rafu. Zote tatu ni sawa ka umeambiwa. Kisicho sawa ni kimya. Mi ningeuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kikao cha kwanza, "diskaunti ya dukani inaenda kwa nani, na risiti za asili nitaziona?" Anayejibu bila kukunja uso umepiga hatua.

Ukiulizwa uchague moja: kazi ya michoro tu, bei ya jumla. Ushauri, kwa saa. Ukarabati mkubwa, bei ya jumla kwa michoro na kisha asilimia au ada ya mwezi kwa usimamizi, ili kuchora na kusimamia visichanganywe.

Ukiwa na wawili mbele yako

Dada yangu aliwahi kukutana na madizaina wawili wiki moja kwa ajili ya jiko lake. Wa kwanza alifika na tableti, picha za 3D za kuvutia, majina ya staili matano, akaondoka na dada yangu anatabasamu. Wa pili hakuonyesha picha karibu nusu saa nzima. Alifungua droo. Akauliza sufuria kubwa kuliko zote iko wapi, akaitoa, akaipima kwa tepu. Akauliza nani anatumia mkono wa kushoto, mifuko ya dukani inatua wapi mkiingia, taka zinatokea mlango upi. Akasimama kwenye sinki akageuka mara mbili. Dada alimchukua wa pili, na droo ya chini kwenye lile jiko jipya ina kina cha ile sufuria, inaingia na mfuniko wake.

Simaanishi picha za 3D ni mbaya, zinasaidia sana mtu asiyeweza kusoma ramani. Ila ukiangalia kazi za nyuma za mtu uliza hii ni picha ya kamera au ya kompyuta? Omba zilizojengwa kweli. Na omba kuongea na mteja wa zamani, umuulize swali moja tu: kitu kilipoharibika, alifanyaje? Kwa sababu kila mradi kitu kinaharibika, taili zinakuja zimepasuka, mlango unachelewa. Mteja akisema "hakuna kilichoharibika" uliza tena.

Mkataba usiuogope wala usiurembe, kurasa mbili zinatosha ka zinasema kazi ni ipi na ipi haimo, mabadiliko mangapi, nani anaagiza na nani anabeba hasara kitu kikija kibaya, malipo kwa hatua na sio mengi mbele, na mkiachana katikati michoro ni ya nani. Hiyo ya mwisho watu wanairuka, halafu mkikosana unakuta huna ruhusa ya kutumia ramani ya jiko lako mwenyewe.

Na njia yoyote utakayochukua weka pembeni asilimia 10 mpaka 20 ya bajeti ambayo humwambii mtu ipo ya kutumia, nyumba ikiwa ya zamani sogea kwenye 20, kwa sababu ukifungua ukuta wa zamani hujui unakutana na nini. Taili nunua za ziada ka asilimia 10 zenye namba moja ya bechi (yaani zimetoka kiwandani kwa mkupuo mmoja) kwenye boksi zote, bechi mbili za taili ile ile zinaweza kutofautiana rangi na hulioni mpaka zikae sakafuni pamoja.

Ka tayari umeanza, mafundi wako saiti na waya zimeshalazwa ila plasta bado, hujachelewa kununua masaa mawili ya dizaina kesho. Na hata usiponunua, leo jioni kabla ukuta haujafunikwa chukua tepu, iegemeze ukutani toka sakafuni kwenda juu, piga picha kila ukuta waya na mabomba yakionekana pamoja na namba za tepu, zitume kwa mtu wa pili azitunze. Siku ukitaka kutundika kabati utajua drili iingie wapi.